Karatasi ya Sita

Nilipanga viti mia moja na ishirini,
vya plastiki, vya buluu, vingine vimepasuka mgongo.
Tangazo lilisema saa tatu kamili.
Saa nne na robo tulikuwa watu kumi na wanane,
na watatu kati yetu walifuata soketi ya kuchajia simu.

Funguo za ukumbi huu ninazo mwaka wa kumi na tisa sasa.
Nimeufungulia harusi, matanga, chanjo ya surua,
na kila mwaka wa tano, Agosti, masanduku sita.

Bi. Kwamboka wa tume ana sauti ya taratibu,
alisoma mswada kama anayesoma maagizo ya dawa:
kwamba uchaguzi wa wadi za jiji utengwe na ule mkubwa,
uwe na siku yake, mwezi wake,
ili mwananchi apate kutafakari.

Lemayian aliuliza pesa zitatoka wapi.
Karatasi mara mbili, makarani mara mbili,
na basari ya mdogo wake inasubiriwa tangu muhula wa kwanza.
Mutinda fundi viatu akasimama:
Bila rais kwenye karatasi, nani atafunga duka?
Akavionyesha viti vitupu kwa mkono mzima.
Viti havikuwa na la kujibu.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio wangu.
Nikakumbuka Agosti iliyopita,
foleni tangu saa kumi alfajiri, baridi ya kukata masikio,
nikakabidhiwa karatasi sita kama mtu anayekabidhiwa nguo za kufua:
nyeupe, buluu, njano, kijani, zambarau,
na chini kabisa ile ya rangi ya mchanga,
ya mtu wa mtaro wetu, wa taa yetu, wa choo cha soko letu.
Ya rais niliikunja kwa adabu, mara nne.
Ya sita sikuyasoma majina.
Mkono ulikuwa umechoka, na nyuma yangu mtu alikohoa.
Nikatia alama pale kidole gumba kilipokuwa.

Hilo sijamwambia mtu.
Hata siku ile ukumbini sikulisema.

Nilichosema, Bi. Kwamboka aliponigeukia,
*Na wewe mama, mwenye ufagio?*
ni hiki: Wekeni Novemba.
Agosti mtaro wetu umekauka, hata harufu hauna.
Mgombea anauruka na viatu vya ngozi,
anaahidi, na ahadi haichafuki.
Aje mvua ya vuli ikinyesha,
maji meusi yamepanda ngazi mbili za Mama Nyaguthii,
kuku wake wako juu ya friji.
Aombe kura akiwa amesimama humo humo.
Na sisi tupige foleni na matope hadi magotini,
tuone ni nani atakayesahau kusoma majina.

Mutinda alicheka hadi akashika kiti.
Lemayian akasema mvua itawafungia watu majumbani.
Huenda.
Hata goti langu la kushoto halipatani na mvua.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu:
NAUNGA MKONO. NAPINGA.
Karani aliizungusha kalamu, akatazama dari,
kisha akaandika pembeni, kwa herufi ndogo: *mvua*.

Saa sita wakafunga mafaili.
Makreti manne ya soda yakarudi garini jinsi yalivyokuja.
Nikavibeba viti kumi kumi hadi ghalani.
Mia na mbili havikuwa vimekaliwa,
ila nilivipangusa vyote, ndiyo kazi,
na kimoja tu, cha Mutinda nadhani, kilikuwa bado na joto.

Nikafunga kufuli, nikalivuta mara mbili.
Ilikuwa Februari, jua la utosi, mtaro mkavu kabisa.
Niliuruka
bila kuutazama.